Namtafuta Unamuno Birere

Goma utapata jibini ya Masisi, sambaza wa Ziwa Kivu, chukudu mpya, ile skuta ya mbao ya mkaratusi, na mhubiri wa kuiombea hiyo chukudu isivunjike kwenye mteremko. Kitabu cha falsafa kwa Kihispania, tuombe uzima.

Kihispania changu nilikiokota kwa askari wa Uruguay wa MONUSCO, kikosi cha Umoja wa Mataifa, waliokaa mjini hapa miaka na miaka. Ni Kihispania cha mpira na maté. Naweza kubishania penalti hadi usiku, lakini roho ya mwanadamu inanipiga chenga. Ndiyo maana nilitaka kitabu.

Muuza vitabu mmoja wa mtaa wa Birere, meza yake nusu madaftari nusu Biblia, alinisikiliza kwa adabu. “Filozofi iko, Papa,” akasema, akanitolea riwaya ya Paulo Coelho kwa Kifaransa. Nikamweleza kwamba mwandishi ni Mbrazili, anaandika Kireno, hii ni riwaya, na tena imetafsiriwa. Akanitazama kwa huruma. “Papa, unatafuta kitabu ao unatafuta kesi?”

Habari zikaenea mtaani. Mama mmoja jirani, mfanyabiashara, akaniletea kwa furaha “kitabu cha Kihispania”: maelezo ya jenereta, lugha zote zimo. Nilizisoma kurasa za Kihispania hadi mwisho, maana kukataa zawadi ya mama ni hatari kuliko jenereta yenyewe. Zinasema usiwashe mashine ndani ya nyumba iliyofungwa, na kwamba asiyesoma maonyo asimlaumu mtu. Kama maadili, nimesoma mabaya zaidi.

Nikahamia kwenye simu. Maktaba ya mtandaoni ya Miguel de Cervantes, iliyoanzia Chuo Kikuu cha Alicante mwaka 1999, husomwa bure; mega ndizo za kulipia. Nikazinunua, nikamsaka Unamuno, yule mwanafalsafa wa Uhispania aliyekosa usingizi kwa kutaka kuishi milele. Tulipofika penyewe, pa kujua kama tutakufa kabisa au la, umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na betri ikajibu kabla yake.

Kinachonifariji ni kwamba Che Guevara naye alilia kilio hiki. Mwaka 1965, kuanzia Aprili hadi Novemba, alipigana huku Kongo, upande wa Fizi, akiitwa Tatu, akashindwa, akavuka Ziwa Tanganyika usiku, akajificha katika ubalozi wa Cuba Dar es Salaam. Tarehe 4 Desemba akamwandikia Armando Hart, aliyekuwa mwenzake katika baraza la mawaziri la Cuba. Analalamika kwamba Cuba haichapishi falsafa ya maana, ila vitabu vizito vya Kisovieti, kisha anampangia orodha ya vitu vya kuchapa. Mtu ametoka kushindwa vita, amekondeana, anagombana na rafu ya vitabu! Na huyo alikuwa na nchi nzima inayosema Kihispania.

Kumbe hata Uruguay wanaye mwanafalsafa wao, Carlos Vaz Ferreira. Lógica viva yake ya 1910 inachambua jinsi watu wanavyopotoka wakibishana, dawa halisi ya vijiwe vya Goma. Mimi niliachiwa penalti. Yeye akabaki Montevideo.

Basi msomaji, kama uko Madrid, Montevideo au Malabo na una safari ya huku, toa jozi moja ya viatu kwenye sanduku, utie kitabu cha falsafa kwa Kihispania. Kikiwa kimechakaa, nitakipokea. Kikiwa cha jenereta, ninacho.