Sifa za mashini iliyogoma

Wengine wawasifu wachezaji na mawaziri. Mimi, hapa Uvira, naisifu kompyuta ya Linux iliyosasishwa jioni, asubuhi ikakataa kuamka.

Kwanza ina adabu. Redio ikiharibika hunyamaza. Serikali ikiharibika hutoa tangazo. Mashini hii husimama mbele ya wateja wanaongoja fotokopi na kuungama kwa maandishi meupe juu ya skrini nyeusi: sikuona diski yenye mfumo, siendelei. Kutoka Kavimvira hadi bandari ya Kalundu, nani mwingine hukiri upesi hivyo bila kuhojiwa?

Wasioelewa watamlaumu Linus Torvalds, aliyeianza kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki. Bure! Huku mtaani kwetu Mulongwe kerneli mpya ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye diski. Initramfs, kile kifurushi kinachoisaidia kuipata diski wakati wa kuamka, kilikuwa bado kinatengenezwa. Umeme ukakatika. Mashini ikabaki kama bwana harusi aliyefika ukweni bila mshenga. Siku nyingine kosa huwa ni sehemu ya /boot kujaa kerneli kuukuu ambazo hakuna aliyejisumbua kuzifuta.

Lakini kerneli hizo kuukuu ndizo zinazookoa. Mashini inapoanza, shikilia Shift (zile za siku hizi hutaka Esc), menyu ya GRUB, kianzishaji cha mfumo, itokee. Ingia kwenye machaguo ya ziada, chagua kerneli ya zamani. Itaamka kana kwamba hapakuwa na ugomvi. Andika `sudo dpkg --configure -a`, iache imalize kazi iliyokatizwa, kisha `sudo update-grub`. Barua na picha zote zipo palepale. Anayekimbilia kufuta diski nzima na kununua mega za kupakua mfumo upya anaitukana mashini, tena anautukana na mfuko wake.

Kuna wanaonishauri nihamie Windows, eti huko kuna amani. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja bovu la kampuni ya usalama wa kompyuta CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, na abiria wakalala kwenye viwanja vya ndege dunia nzima. Yetu imesimamisha fotokopi za mtaa mmoja tu, hadi saa nne. Kwa unyenyekevu huo nao, naomba ipigiwe makofi.