Darubini ya Kuhesabia Kope za Paa
Mafundi wa bunduki hawaishi kubishana: darubini ya ukuzaji mmoja, tuseme mara 4, au ile ya kuzungusha, mara 3 hadi 9? Ubishi mtamu, ila uteremshwe Mto Kongo kutoka Kisangani hadi Yanonge, ambako mwindaji hushika bunduki ya kalibri 12 na tochi, na msitu mara nyingi hauliachii jicho hata mita 30. Hapo mara 9 itakuonyesha nini, kama si jani moja, kubwa mno? Utetezi naujua: si uirudishe kwenye 3! Sawa, basi nguvu iliyobaki umeilipia ili ipumzike, na uzito wake uubebe. Watadai pia kwamba mara 9 hufaa gizani. Hesabu inakataa: kioo cha mbele cha milimita 40 ukikigawa kwa 9, mwanga unaofika jichoni una upana wa milimita 4.4 tu, ukikigawa kwa 4 ni 10, zaidi ya mboni inavyoweza kumeza. Kwa hiyo ya ukuzaji mmoja imeshinda, hongera zake, katika shindano ambalo mwindaji hakualikwa. Chembe za risasi zake hutawanyika bila kuuliza msalaba wa kioo uko wapi. Akiuziwa darubini, iwe ya kukuza mfuko. Bei ya kartushi anaiona vizuri bila kioo chochote.