Namna ya Kumpima Mtu Mzima kwa Hojaji

Kabla ya yote, jiandae kuzeeka pamoja na wahojiwa wako. Mwenye haraka akatafute kazi nyingine.

Halafu nenda chuoni, maana huko vijana hawakosekani. Miaka ya 1960 mwanasaikolojia Anne Constantinople aliwapata katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani. Mwanasaikolojia Erik Erikson alikuwa amekwisha kueleza kwamba binadamu hukua kwa hatua nane, kila moja na mgogoro wake, kuanzia kuamini au kutoamini akiwa mchanga mpaka kuridhika au kukata tamaa uzeeni. Constantinople akachukua hatua sita za mwanzo, akazitungia vipengele 60: kila hatua vitano vya kujivunia na vitano vya kuona haya, kila kimoja kikipewa alama 1 hadi 7.

Vile vya kuona haya usivipunguze hata kimoja. Muulize mtu kama ni mchapakazi, atajipa 7 kabla hujamaliza kusoma. Mbele kidogo muulize kama huanza mambo akayaacha njiani, uone kalamu inavyosita juu ya 3, inarudi kwenye 2, inaishia 4. Hapo ndipo mtu anapoanza kujibu kweli.

Sasa jihadhari na jaribu kubwa kuliko yote: kupima siku moja vijana wa miaka 20 na watu wa miaka 50, kisha kutangaza kwamba umri hukomaza. Hao wa 50 walikuwa vijana wakati mwingine kabisa. Aliyekuwa chuoni Marekani mwaka 1966, vita vya Vietnam vikiendelea, hakulelewa na dunia ileile iliyomlea aliyeingia miaka kumi baadaye. Mwanasaikolojia Susan Krauss Whitbourne alilielewa hilo. Aliwarudia walewale wa Rochester, akaongeza vizazi vipya vya wanafunzi ili alinganishe, na hatua mbili zilizobaki akaziandikia vipengele vyake. Ripoti aliyoitoa na wenzake mwaka 2009 ilikusanya miaka 34. Nauheshimu mno uvumilivu huo.

Mwisho, hesabu bahasha za hojaji zisizorudi. Aliyefukuzwa kazi, aliyeachika, anayeugua, aliyehama bila kuaga: hao ndio wanaoijua migogoro ya Erikson kuliko wote, na ndio wanaotoweka kwanza. Wastani wako utapendeza bila wao, lakini utakuwa wastani wa waliobahatika. Tenga fedha za kuwatafuta kabla hujatenga za kuchapisha ripoti.