Wakati wa Kampuni

Shangazi, na wote hapo Changamwe,

Mliniaga mkinihurumia kwa jua la ikweta. Ikweta ipo kweli hapa Uganda, inapita pale Kikorongo, na Kasese mjini bati la nyumba laweza kukaangia mayai. Ila mimi nimepanga Kilembe, juu kidogo bondeni, chini ya milima ya Rwenzori yenye barafu kileleni. Usiku nalala na soksi, mtoto wa pwani mimi!

Mtaa wetu ni wa Kampuni. Hapa hakuna anayeuliza kampuni gani, ingawa wenyewe waliondoka kabla sijazaliwa. Wakanada wa Falconbridge walianza kutoa shaba mwaka 1956, mwaka uleule reli ilipofika Kasese, wakajenga mji mzima: nyumba za wafanyakazi, shule, hospitali. Serikali ya Amin ikachukua mgodi mwaka 1975, na haukupita muda mrefu uchimbaji ukasimama. Nyumba zikabaki. Mlango wangu una namba, na juu yake rangi za wapangaji wote: kijani, buluu, kijani tena. Jina langu halijulikani. Mimi ni yule wa Kumi na Saba.

Jirani yangu alikuwa mchimbaji. Kwake, wakati wa Kampuni balbu ikiungua ulikuwa unaipeleka stoo na kurudi na mpya. Wakati wa Kampuni bomba halikukauka. Juzi nililalamikia mvua, akaniambia wakati wa Kampuni ilikuwa ikinyesha usiku tu. Mkewe, aliyekuwa anamenya muhogo barazani, hakuinua hata kichwa: "Mvua ungeionea wapi, nawe ulikuwa chini ya ardhi?"

Kuhusu mto Nyamwamba hata jirani hatanii. Mei 2013 ulifurika, ukaua watu na kuzoa nyumba. Mei 2020 ukarudi, ukaivamia na hospitali. Mawe uliyoyaleta bado yamekaa katikati ya makazi, mengine makubwa kama matatu iliyoegeshwa. Watoto wanayapanda, nguo zinaanikwa juu yake.

Siku za soko, Jumanne na Ijumaa, nateremka Bwera kujaza hati za mizigo mpakani Mpondwe. Wakongo wanavuka kutoka Kasindi, nami naongea Kiswahili mpaka taya zinauma. Mama mmoja muuza makayabo, samaki wa chumvi, alinisikiliza, akamgeukia mwenzake: "Huyu anasema sawa redio." Akanipandishia bei. Mtu wa redio, alisema, hawezi kukosa pesa.

Mwaka 2013 mgodi ulikodishwa kwa kampuni ya Kichina, na 2017 mkataba ukavunjwa. Nilimuuliza jirani kama huo nao anauhesabu kuwa wakati wa Kampuni. Alinitazama kama aliyeulizwa iwapo mjukuu wa kambo hurithi shamba, akaendelea na chai yake.

Sasa ombi. Shaba ya hapa ilikuwa ikiyeyushwa Jinja, kisha inapanda treni hadi bandari yetu. Tangu jirani asikie natoka Mombasa, ananidai maelezo: ilienda wapi yote ile, na nani alikula hela? Babu alikuwa kuli Kilindini miaka ya sitini. Muulizeni kama anakumbuka kuipakia melini, mniandikie atakachosema, hata kama ni matusi. Na mnitumie sweta mbili. Moja ni ya mzee jirani.