Sembe Inaijua Njia ya Mjini

Rukwa wanalima mahindi, Dar es Salaam tunakula ugali. Kazi tumegawana vizuri. Kisha ukaja Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18: umaskini wa mahitaji ya msingi Rukwa asilimia 45, Dar asilimia 8. Yaani aliyeshika jembe ndiye maskini, aliyeshika mwiko yu salama.

Msimu wa mavuno, gunia kule hushindiliwa lumbesa mpaka likaota kichwa, na mnunuzi akalilipia bei ya gunia la kawaida. Likifika mjini na kukobolewa, sembe inapimwa kwa mizani, na mfuko wa kubebea unalipiwa mbali. Kilo ya Dar haioti kichwa.

Wala mtu wa Dar asionewe wivu. Mshahara ukitoka, kodi ya nyumba, bodaboda, vocha na maji ya madumu vimeshapanga foleni. Tarehe 15 anampigia shangazi yake kijijini: “Shikamoo shangazi. Huku hali ngumu. Hakuna basi linalokuja?”

Shangazi, maskini wa takwimu, anamfungia kiroba. Nauli ya mzigo analipa yeye.