Namna ya Kulowea Ugenini Bila Aibu

Umekwenda Guangzhou kufunga kontena, viza inakwisha, na nyumbani hutaki kurudi. Usihangaike na madalali. Panda treni ya njia ya 13, shuka Nanhaishenmiao, wilaya ya Huangpu, ukamwamkie bingwa wa kazi hii.

Ndani ya hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, lililojengwa mwaka 594, amesimama Daxi Sikong: mgeni, uso mweusi, kavaa joho la ofisa wa Kichina, kiganja kakiweka juu ya macho anaangaza baharini. Wasimulizi husema alishuka melini zama za Tang, akazuru hekalu, meli ikamwacha. Fuata nyayo zake.

Kwanza, usije mikono mitupu. Yeye alipanda mbegu za fenesi, na hadi leo wenyeji huliita hekalu lile Boluo, jina la zamani la tunda hilo. Wewe mbegu zitaishia forodhani. Njoo na ufundi wa kupika biriani.

Pili, chelewa kwa heshima. Usiseme ulipitiwa na usingizi. Na usikiri hata siku moja kwamba umebaki: sema umeachwa.

Tatu, na hapa ndipo penye ufundi, onekana unatamani kwenu. Mgeni anayetazama bahari huonewa huruma. Asiyeitazama huitwa mzamiaji. Kwa kuwa huko mtaa wa Xiaobei, mjini Guangzhou, unakopanga hakuna bahari, tumia simu. Kila Jumapili, mbele ya mwenye nyumba, piga video kwa mama, paza sauti: "Mwezi ujao nakuja, inshallah!" Kiswahili hakijui, lakini sauti ya majonzi ataielewa.

Nne, vaa wanavyovaa.

Tano, ufe. Samahani, hapa sina njia ya mkato: Daxi Sikong alianza kufukiziwa ubani baada ya kuzikwa.

Ila mzee huyu aliiwahi sheria iliyoanza Julai 2013. Siku hizi usipolala hotelini, una saa 24 za kujiandikisha polisi. Ukizidisha muda, faini yaweza kufika yuani 500 kwa siku, kikomo 10,000, au mahabusu siku 5 hadi 15. Mjanja ameshapiga hesabu kwamba kuanzia siku ya 21 faini haipandi. Basi apige na hii: anayerudishwa kwao kwa nguvu hufungiwa mlango mwaka 1 hadi 5, kwa hiyo kontena lijalo amtume shemeji.