YAH: PONGEZI KWA KUVIKINGA VITABU NA WASOMAJI

Ndugu Mkuu wa Maktaba ya Mkoa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimesoma kwenye ubao wenu wa matangazo kwamba wanachama wameongezeka na uazimaji umepungua. Hongereni. Wapo wanaodhani takwimu hizo zinagombana. Mimi nashinda humo ndani, najua zinavyoelewana. Saa mbili asubuhi viti vimeshajaa vijana wa kidato cha nne na wa vyuo, kila mmoja na madaftari yake, notisi za kutoa kopi na chaja ya simu. Kadi wameilipia wapate meza, feni na soketi. Rafu hawazigusi. Jioni mnawaandika "wasomaji", na hamjadanganya: wanasoma kweli, ila si vitabu vyenu.

Mwenye tamaa ya kuazima mmemwekea picha mbili za pasipoti, barua ya mtendaji wa mtaa, mdhamini aliyeajiriwa serikalini, na amana ambayo kurudishiwa ni majaliwa. Nilipomaliza yote hayo nikaomba Rosa Mistika ya Kezilahabi, riwaya ya 1971 iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Kwenu wala haihitaji marufuku: imo kabatini, kabati lina kufuli, na mwenye ufunguo yuko likizo. Nikapewa kitabu cha ufugaji wa nyuki. Karatasi ya mihuri iliyobandikwa nyuma ilikuwa nyeupe karibu yote. Muhuri wa mwisho ulisema Machi 1994.

Msidhani mmeanza ninyi. Mwaka 1931 mkutubi Ranganathan alichapisha kule Madras, India, kanuni zake tano za ukutubi, ya kwanza ikidai kwamba vitabu vipo ili vitumike. Mwaka huohuo Nairobi ilifungua Maktaba ya McMillan, na Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma humo kwa zaidi ya miaka 20. Wakoloni walihitaji ubaguzi wa rangi ili vitabu visishikwe-shikwe. Ninyi mmeweza kwa fomu tu, tena bila ubaguzi: hatuazimi sote.

Kwa barua hii naomba mkamilishe kazi. Rafu zing'olewe, soketi ziongezwe, vitabu vyote vihamishiwe stoo, kule nyuma panapovuja. Mwakani ubaoni mtabandika wanachama maradufu na vitabu vilivyopotea sifuri.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanachama mwenye kadi hai

Nakala: Mchwa, Stoo – kwa utekelezaji.